Ua la Malisho ya Mzee Walt

Juzi nilishusha kioo cha gari nje kidogo ya mji wa Columbia, hapa Marekani, harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe ikaingia, na mimi mtu mzima nikaegesha pembeni nikalia. Msinicheke. Ile ndiyo harufu ya Jumamosi za baba yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Hyattsville, baba akibeba maboksi kwenye ghala wiki nzima. Jumamosi alikwenda kumsaidia mkulima mmoja, Mzee Walt, kutunza ng'ombe wake, nami nikiwa mkalimani. Katika malisho yale kulikuwa na ua dogo la rangi ya waridi, fupi kuliko kidole changu, lililokuwa karibu kutoweka jimboni kote. Mtaalamu wa mimea, mama mmoja mpole, alikuja kumsaidia mzee kulilinda. Shauri lake lilikuwa kuzungusha uzio, ng'ombe wasiingie tena pale.

Baba alishtuka. Alichunga tangu utotoni kwenye milima ya juu ya Uvira, kule Kongo, na alijua kwamba majani yasipoliwa hurefuka, yakakisonga kila kilicho kifupi. Lakini kwao huingii malishoni mwa mtu ukaanza kukosoa. Unaanza na ng'ombe. Basi akamsifu wa kwanza pembe, wa pili mwendo, wa tatu akamwulizia habari za mama yake. Ng'ombe walikuwa kumi na wanne. Mimi nilitafsiri huku masikio yakiniwaka kwa aibu, na yule mama alikuwa ameshatazama saa mara mbili.

Kufika ng'ombe wa sita nikaacha kutafsiri. Baba aliendelea mpaka wa mwisho, ndipo akalitoa neno lenyewe: "Mwambie, ng'ombe njo zinalinda hii maua. Mukizifungia inje, majani itaimeza."

Nikamgeukia yule mama. "He says the cows are beautiful," nikasema. Akatabasamu, akamshukuru baba, akaingia garini mwake.

Uzio ukajengwa. Baba ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo.

Mwaka uliofuata majani ndani ya uzio yalinifika kiunoni. Sote wanne tulipiga magoti kutafuta, asubuhi nzima, tusione hata ua moja. Baba akanivuta kando.

"Siku ile, ulimwambia yote?"

"Yes, Papa."

Akaitikia kwa kichwa, asiulize tena. Tangu hapo sikumsikia akimweleza mtu yeyote wa nchi hii habari za ng'ombe; wakimwagiza kitu alisema "okay" tu.

Mimi nilifurahi kwamba nimeponea chupuchupu. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, yeye tumeshamzika: uvivu wangu angeusamehe kabla hatujafika nyumbani. Lakini alikufa akiamini kwamba alisema, wakamsikia, na neno lake wakaliona si kitu.