Kikombe Juu ya Mtungi

Siku ile naikumbuka kwa kikombe cha bati, mwanangu, wala si kwa jambo lenye heshima zaidi. Wenzangu wa umri huu wakikaa kuukumbuka ujana wao hutaja njaa, mafuriko, misiba ya kweli. Mimi ndoa yangu ilitaka kuvunjika kwa kikombe. Na ukiniuliza leo, meno yameshaanza kunihama, kwa nini kikombe kile kilinichoma kiasi kile, nitakujibu kwamba sijui. Nimekaa na swali hilo tangu ujana na bado sijalielewa.

Nakuandikia kwa sababu jana ulinijia hapa Makorora kutoka kwako Mabawa, begi mkononi, macho mekundu, hata shikamoo yako ilitoka nusu. Ukasema mume humtaki. Nikakuwekea chai na mhogo, nikangoja kusikia umepigwa wapi. Ukanipa simu nisome mwenyewe. Nikavaa miwani. Nikaona umemwandikia mumeo maneno marefu kama risala ya mahafali, naye amejibu "sawa". Juu yake kulikuwa na "sawa" nyingine, na ya juzi, na ya juma lililopita. Nikatafuta tusi, sikuliona.

"Shangazi, kweli huoni anavyonidharau?" ukaniuliza.

Sikuona, nikacheka, nawe ukanuna ukaenda kujilaza chumba cha uani. Basi soma, maana kwa mdomo nitacheka tena.

Nilipoolewa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona msomi. Safari yangu ya maana maishani ni hiyo moja tu, kutoka Pangani kuja Tanga, nyumba hii hii. Baada ya hapo nimesafiri baina ya jikoni na uani, na unene wangu ndio ushahidi. Nilikuta humu mume mpole na mavyaa mpole kuliko mwanawe, Mbondei wa Muheza, mtu wa maneno machache. Ukumbini palikuwa na mtungi wa maji, juu ya mtungi kifuniko cha mbao, juu ya kifuniko kikombe.

Kwetu Pangani kikombe cha maji hulazwa kifudifudi, kisiingie vumbi wala mjusi. Mimi nikishakunywa nakilaza kifudifudi. Nikirudi nakikuta chali, kimeachama. Nakigeuza. Narudi, chali tena. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya kumi nilianza kuchungulia kutoka jikoni nani atapita. Ni yeye, mavyaa. Anakunywa, anakiweka chali, anakwenda zake kama mtu asiye na dhambi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipokaa. Mwaka ule ule paa la chumba chetu lilivuja masika nzima. Tulilala tumezungukwa na sufuria, tukicheka. Halikuniudhi. Lakini kile kikombe nikikiona chali, kifua kinapata moto. Nikajiambia, huyu mama ananifumbia fumbo. Anataka kusema kwetu hatujui usafi. Anataka kusema mimi ni wa kugeuzwa. Huku pwani, mwanangu, tumelelewa kwa mafumbo. Mtu akimfukuza kuku kwa sauti kubwa, jirani anajua kuwa kuku ni yeye. Basi nami nikaanza kuzungumza na kuku.

"Shuu, we kuku," nasema asubuhi nikifagia, mavyaa yupo anachambua mchele. "Mkorofi wewe. Umezeeka huachi kuchokoa vya watu."

Yeye anainamia ungo wake. Kimya. Nami kile kimya nikakisoma kuwa ni kiburi, nikamwongezea kuku maneno. Miezi minne hivyo. Kuku wa watu alikonda.

Siku moja nikakikuta kikombe chali na ndani kimeingia sisimizi. Sikumwambia mtu. Nikafunga nguo zangu, nikapanda basi, nikaenda kwetu Pangani.

Unajua desturi, mke akirudi kwao watu huketi. Aliyeketi ni mjomba wangu, fundi cherehani, maana baba alishafariki. Mume wangu akaja na mama yake. Mume alikuwa amekondeana, akasema, "Mjomba, mimi kosa silijui. Lakini kama hataki kurudi leo, sitamburuta. Nitamwandikia talaka yake aende kwa salama." Nilikuwa nimetaka anibembeleze, sikutaka akubali.

Mjomba akanigeukia. "Anakupiga?"

"Hapana, mjomba."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

"Mavyaa wako anakutukana?"

"Hajanitukana."

"Sasa mwanangu, nimeacha suruali ya mtu ina mguu mmoja nije kusikiliza nini?"

Njiani kote, kutoka Tanga, nilikuwa na kesi nzito. Niliipanga vizuri kwenye basi, ina mwanzo na mwisho. Pale mkekani nilipofungua mdomo likatoka neno moja.

"Anageuza kikombe."

Nikawaona wanangoja. Walidhani naendelea.

"Kikombe gani?" Mavyaa ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa dhati, uso umemkunjamana kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikamweleza. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku. "Mimi? Mbona sijui kama nafanya hivyo."

Halafu akasema kwa sauti ndogo. "Mkazamwanangu, mimi nilikuja kukuuliza habari ya kuku. Kila asubuhi unanitukana mbele ya kuku. Kila nikimaliza kuswali nahesabu makosa yangu, silioni. Nikasema pengine ni mikohozi yangu, pengine nakula sana. Nimeshafunga kifurushi, niende kwa kaka yangu Muheza, nikuachie nyumba upumue."

"Kuku gani tena?" mume wangu akauliza, naye kapotea kabisa.

Mjomba alikaa akikuna kichwa kwa kidole kilichovaa kastabini ya kushonea. "Mimi hukumu sina," akasema. "Hicho kikombe nikifunge miaka mingapi? Lakini wewe msomi, nikwambie kitu. Mama huyu hakukuandikia barua. Ulijiandikia mwenyewe, ukajisomea, ukakasirika, ukamjibu yeye. Na majibu yako yalimfika kweli."

Nikauendea mkono wa mavyaa, ule ule wa kulia, nikaubusu. Sikuweza kumtazama.

Tukarudi watatu. Na usidhani niliponywa. Kesho yake asubuhi kikombe kilikuwa chali, na kifua kikapata moto vilevile, sawasawa na mwanzo. Hilo ndilo linalonichanganya hadi leo. Nilijua hakuna fumbo, na bado nikaungua. Tofauti ni moja tu, kuku nilimwacha. Nikasema, "Mama, umekigeuza tena." Akakitazama, akasema, "Ala. Mkono huu nao." Tukacheka. Tumelisema hilo maelfu ya mara, mwaka baada ya mwaka, na halikupata kukua tena.

Mavyaa alipofariki, tulipomaliza matanga, nikanywa maji nikakilaza kikombe kifudifudi. Nikarudi, kifudifudi. Siku tatu nzima, kifudifudi. Mwanangu, katika kero zote nilizopata kutiwa na kikombe kile, hiyo ndiyo iliyoniliza.

Siku hizi friji ipo, lakini mtungi sijautoa, na kikombe nakiweka chali. Usiniulize kwa nini. Jana wewe ulikunywa, ukakilaza kifudifudi, nikakuona kutoka jikoni. Shingo ikaniwasha. Nyani haoni kundule.

Basi neno langu ni hili. Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana, na kero ndogo haina mkubwa wala msomi. Itakuchoma tu, wala sijui dawa ya kuizuia isikuchome. Ninachojua ni hiki: iseme ingali ndogo, kwa mwenyewe, kwa jina lake. "Ukinijibu sawa tu, naumia." Basi, usiongeze "kwa hiyo hunipendi", maana hilo hajaliandika yeye. Muulize kwanza, ndipo ukasirike ukitaka. Na kuku wasiohusika uwaache wale.

Tena mumeo amenipigia asubuhi hii, anauliza amekosa nini na kama aje kukuchukua. Nimemjibu "sawa". Atafika adhuhuri. Amka ule, unawe uso.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mume wa kukuudhi kwa madogo tu mpaka mzeeke wote wawili, na makubwa ayapitishe mbali na mlango wako. Na akujaalie, nisipokuwepo mimi, mtu wa kukugeuzia kikombe.