Kijiko cha Tryphosa

Usiku ule tulikaa jikoni kwangu hapa Nyaramba, mimi na Tryphosa, simu ikiwa juu ya kigoda katikati yetu. Jirani yetu Gentrix alikuwa amerudi kazini Beirut na mzigo wangu, akaahidi kuufikisha kwa binti yangu Natasha akitoka zamu. Niliangalia chaji ya simu mara nyingi mpaka Tryphosa akaifunika kwa leso yake.

"Mama Natasha, hiyo si yai. Haianguliwi kwa macho."

Ndivyo alivyo. Ni mjane, anauza unga wa wimbi sokoni karibu na mashine ya kusaga, na mizigo mingi ya kwenda ng'ambo hupita mezani pake. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Zamani alimtumia mwanawe Ratemo unga na chinsaga zilizokaushwa, zile mboga chungu tunazozipenda. Msafiri akaingiwa na hofu kwamba huenda kuna kitu kibaya ndani, akautupa mzigo kwenye pipa la uwanja wa ndege. Tryphosa hakumlaumu. Alinunua kijiko kirefu. Tangu hapo, mwenye mzigo huja pamoja na msafiri, na Tryphosa huchota kila kitu, akaonja yeye, kisha mwenye mzigo naye akaonja, mbele ya atakayebeba. Nimemwona akitafuna unga mkavu huku midomo imekuwa ya kahawia, akimwambia msafiri, "Nikifa kabla ya jioni, usibebe."

Natasha alikwenda Beirut kufanya kazi za nyumbani nikiwa nimemkataza. Siku ya kuondoka nilisimama mlangoni nikamwambia, "Basi usinipigie simu ukilia." Vita vilipofika, waajiri wake walikimbia, wakafunga nyumba, yeye akabaki nje. Sasa mabomu yamenyamaza, lakini kazi ni za kubahatisha na chakula ni cha kugawana na wenzake katika chumba kimoja. Hayo niliyapata kwa Gentrix. Kwangu huandika tu "niko sawa", na nikipiga hapokei.

Kwa hiyo, Gentrix alipokuja nyumbani likizo, nikaandika barua. Niliishia darasa la sita, mwandiko wangu si wa kuonyesha watu, na sikutaka Gentrix aisome. Nikaizika ndani ya unga.

Kule sokoni, mbele ya Gentrix, kijiko cha Tryphosa kikaikuta.

Gentrix akarudi nyuma. "Mama, umeficha nini humo? Mimi sibebi."

"Ni barua tu, mwanangu."

"Barua inafichwa kwenye unga? Nikishikwa nayo niseme nini?"

Alikuwa ameshachukua mkoba wake. Niliona mzigo wangu ukibaki pale mezani, na Natasha akikaa mwaka mwingine na lile neno langu. Tryphosa akaitoa karatasi, akapuliza unga, akanikabidhi.

"Hapa kila kitu huonjwa. Isome."

"Mbele ya watu?"

"Mimi nimekula unga wako mbele ya watu."

Nikasoma, nikikwama kila mstari. "Natasha, lile neno nililokuambia mlangoni lilikuwa la woga. Nalirudisha. Nipigie hata ukilia. Lia mpaka umalize, mimi nitashika simu. Chinsaga uziloweke siku moja kabla ya kuzipika."

Hakuna aliyecheka, hata pale pa chinsaga. Gentrix akaichukua barua, akaitia mahali anapoweka pasi yake ya kusafiria.

Hivyo ndivyo tulivyofika usiku ule. Sikumwita Tryphosa. Alikuja mwenyewe na blanketi, akasema kwake kuna baridi.

Saa tatu na nusu simu ikalia chini ya leso. Gentrix alikuwa akipanda ngazi, anahema.

"Mama, niko mlangoni. Sikia."

Akabisha. Akabisha tena.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Natasha, nyembamba kuliko niliyoijua.

"Ni Gentrix wa Nyaramba. Nimekuletea wimbi la nyumbani. Mama yako yuko hapa kwenye simu."

Nilifungua mdomo, Tryphosa akanibana mkono.

"Anasema ufungue hata kama unalia," Gentrix akaongeza.

Nikasikia komeo likivutwa, mlango ukakwaruza sakafu, na kabla ya salamu yoyote mtoto wangu akaanza kulia.

"Usimkatize," Tryphosa akaninong'oneza.

Sikumkatiza.