Sufuria Yenye Masizi

Nilipokuwa mtoto huku Ibaba nilikuwa mjinga mwenye mdomo, na mdomo ndio ulioharibu. Nasema mapema, asije mtu akadhani natafuta kuhurumiwa.

Juu ya nyumba yetu kulikuwa na kisitu chenye chemchemi. Shoka halikuingia mle. Maji yalichotwa kwa kibuyu au chungu kisafi. Chombo chenye masizi kilikatazwa kabisa. Walisema mle anakaa nyoka mkubwa, mwenye maji, hapendi weusi wa jikoni. Ukimuudhi tumbo linakuvimba, naye anahama, na maji yanamfuata.

Asubuhi moja nilivunja kibuyu cha bibi, mzaa baba, nikikichezea. Kwa kuogopa kichapo nikabeba sufuria ya maharage, nikaitumbukiza hivyo hivyo. Masizi yakatandaa juu ya maji. Nikasimama namngoja nyoka. Sikuona hata chura.

Bibi akanikuta njiani.

"We binti, umechotea hiyo?"

"Eeh."

"Maji yataondoka."

"Yataondokaje, bibi? Yana miguu?"

Hakunipiga. Alichukua unga wa ulezi, akapanda kisituni peke yake kuomba radhi. Mimi huyo, mbio kwa wenzangu kujitapa: nimechota na sufuria, na tumbo halijavimba! Kesho yake wakaja na zao. Baadaye na mama zao. Watu walipozoea kwamba nyoka hayupo, nani tena aogope kukata mti? Nilipoolewa, mume wangu alitaka kuni za kuchomea tofali, akasita pale ukingoni. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ingia, mwanaume mzima unaogopa hadithi za vizee?" Akaingia. Wengine wakamfuata.

Chemchemi haikukauka kwa siku moja. Ilipungua, ikawa tope, mwisho pakawa pakavu. Sasa wajukuu zangu wanateremka bondeni na ndoo, wanarudi wakihema.

Mwaka huu walikuja watu wa idara ya misitu wakiwa na miche. Wakatukusanya wazee nje ya kanisa, tuwaambie miiko ya zamani, ili kijiji kiirudishe na kuulinda msitu chenyewe. Wenzangu wakaeleza vizuri. Ilipofika zamu ya kusema nani aliharibu, wakawasingizia wanunuzi wa mkaa kutoka Mlowo. Halafu nikasimama.

"Ni mimi. Andika."

Nikasimulia yote. Binti wa misitu akatabasamu. "Bibi, sufuria haiwezi kukausha chemchemi."

"Najua. Sikusoma, lakini si mpumbavu. Miti ndiyo ilishika maji yale, na watu waliiacha miti kwa sababu ya woga. Woga huo niliwatoa mimi, sikuwapa kitu kingine cha kuwazuia."

Wakacheka. Jirani yangu akadakia, "Huyu tangu usichana anapenda kujulikana!" Kalamu haikuandika kitu. Wakanipa miche mitano, nikaipanda kule juu kwa mikono yangu. Mitatu imeshika. Ikija kuwa miti, mimi sitakuwepo.

Bibi yangu alikufa wakati maji bado yanatoka, kwa hiyo hakupata nafasi ya kunilaumu. Hawa wanaoteremka bondeni hawajui hata walinyimwa nini. Nimetafuta mtu wa kunigombeza kijiji kizima, sijampata.