Tamu au Bado

Kwenye karakana ile bakuli halisifiwi kuwa laini. Laini hata sabuni. Bakuli la mti likishakerezwa kwenye mashine, likapigwa msasa na kupakwa mafuta, linapelekwa kwa Mama Kidole, naye anafumba macho, anapitisha kidole cha shahada kuanzia ukingoni mpaka kwenye kitako, kisha anatoa hukumu ya neno moja: "Tamu" au "Bado." Ukiambiwa bado, rudi kwenye mashine, na usinune. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wakimletea mabakuli yao, wamesimama pembeni roho juu.

Sasa basi, mama huyu alikuwa anaogopa. Tena si woga wa mchezo, ni ule wa kumkausha mtu mate. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Vilianza kwa kuchomachoma, akasema ni baridi, akavisugua. Halafu asubuhi moja akashika kikombe cha chai ya moto, akawa anapiga nacho soga, mpaka wifi yake akapiga yowe, "We! Huungui?" Akajichekesha: "Ngozi ya fundi hii, wifi." Lakini moyo ulimwenda mbio siku nzima.

Hakumwambia mtu. Kidole hicho ndicho kilichomlisha, kikampa hata jina. Akienda hospitali ataambiwa aache mashine. Na asipokwenda je? Hapo hakutaka kufika. Akawa anahukumu kwa kubahatisha, kope amezifumba nusu, anachungulia kama mtoto anayejifanya amelala. "Tamu," anasema, na jasho linamtiririka mgongoni. Na mkono huohuo, jamani, bado ulikuwa unashika patasi mbele ya mti unaozunguka kwa kasi.

Binti wa kaka yake, aliyemlea na kumfundisha kazi, mwanamke mzima sasa mwenye mashine yake pale pembeni, ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alikuja na bakuli, kimya.

"Shangazi, niambie."

Bakuli lilikuwa linang'aa kwa mafuta. Mama Kidole akafumba macho, akapitisha kidole. Hakusikia kitu. Akapitisha tena, polepole, huku anamwomba Mungu. Wapi!

"Tamu," akasema. "Leo umeniweza."

Binti akamkazia macho.

"Nini? Mbona unanitolea macho?"

"Sijalipiga msasa, Shangazi. Nimelitoa kwenye mashine, nikalipaka mafuta, nikakuletea."

Mama Kidole akapandwa na hasira. "Unanitega? Mimi niliyekuogesha, leo unanitega mimi?"

"Jana ulijikata. Bakuli zima limetapakaa damu, na wewe unaimba. Sikulala, Shangazi. Nilikuwa naisikia ile mashine kichwani."

Mama Kidole akaangalia mkono wake. Kweli, kulikuwa na kidonda, na kilikuwa kirefu. Akalinyanyua bakuli haraka, akalisugua shavuni, na papo hapo akakuta michirizi ya patasi.

"Bado!" akasema, karibu acheke. "Huku chini patasi imekurukia. Si unaona? Shavu linajua. Nitakuwa napima kwa shavu, nani atauliza?"

"Pima hata kwa kisigino," binti akasema, machozi yanamtoka. "Lakini patasi utaishika kwa shavu?"

Mashine ya shangazi ilikuwa bado inanguruma nyuma yao. Binti akaenda akaizima, na karakana nzima ikawa kimya.

"Naogopa, mwanangu," Mama Kidole akasema. "Wakiniambia nisikereze tena, nitakuwa nani?"

"Sijui. Mimi pia naogopa. Twende hospitali hivyohivyo."

Mama Kidole akapeleka mikono mgongoni afungue aproni yake. Vidole vikalitafuta fundo, vikalipita, vikarudi, vikalipita tena. Akajaribu kwa muda mrefu, akihema. Mwisho akageuka, akampa binti mgongo.

"Nifungue," akasema.