Paka na Mkono wa Mnadani

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Upepo wa baridi tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye ndoo za maji. Jua limetoka lakini halina nguvu.

Asubuhi paka amemparua mume wangu mkononi, na si mara ya kwanza. Mume wangu ananunua mbuzi vijijini na kuwauza mnadani. Alifunga kitambaa akasema, "Mama watoto, Jumatatu nakwenda naye mnadani. Atakayemtaka amchukue bure."

Damu ilikuwa inatoka kweli, siwezi kusema anamwonea. Lakini uwele wetu wote uko ndani, na kabla ya paka huyu panya walikuwa wanatoboa magunia.

Nikakaa na paka mlangoni nimchunguze. Nikamgusa shavuni, akasukuma kichwa kwenye kidole changu. Chini ya kidevu akafumba macho. Nyayo, akavuta mguu. Tumboni akanikumbatia mkono kwa kucha, ila hakuchana. Mgongoni alitulia mpaka nilipokaribia mkia. Hapo ngozi ikamchezacheza, mkia ukaanza kupiga chini. Nikaacha. Sasa mbona mimi ananionya kwanza, mwenzangu anaparuliwa?

Mchana nikaona jibu, kama ndilo. Mume wangu alimkuta amelala juani. Akainama, vidole vikaenda moja kwa moja kiunoni, vikabonyeza uti wa mgongo, halafu akashika shina la mkia akaliminya. Ndivyo wanavyopima mbuzi kama amenona. Paka akageuka na meno, safari hii akamkosa.

"Baba watoto, unampima kilo?"

"Nampapasa tu."

Mama mkwe alikuwa anapepeta uwele, akaweka ungo chini. "Mwanangu, hata mimi ungenishika hivyo ningekuparua. Mbuzi anavumilia kwa sababu ana kamba shingoni."

"Mama, wewe naye! Haya, paka anashikwaje?"

Nikamwonyesha. Akanyoosha kidole kimoja, kwa woga kidogo. Paka akakinusa muda mrefu, kisha akajisugua shavu. Mume wangu akacheka. "Kumbe mpaka upige hodi!"

Sitaki kumbebesha kosa lote. Tumboni hata mimi nilikataliwa, na sijawahi kupima mbuzi. Nadhani tumbo ni laini, mnyama akishikwa hapo vibaya ndiyo basi tena. Lakini nyayo je? Labda huisikiliza ardhi kwa nyayo, kama sisi tunavyopapasa gizani. Na shavu analipendea nini? Nabahatisha tu, pengine paka wa jirani yuko tofauti kabisa.

Jioni mume wangu akasema, "Abaki." Halafu akatugeukia sisi, kama vile ni sisi tulioparuliwa: "Ila tumboni msimguse, hapendi."

Tumekula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa mgando kidogo.