Nilivyokwenda Luberizi Kuuliza Ukoo wa Mchumba

Niliondoka Uvira kwa ajili ya posa. Sadiki wa Luberizi, fundi wa magari, alimtaka mjukuu wangu Zaina, na Zaina alimtaka mpaka wali ukawa unaungua jikoni. Sisi Waislamu wa huku hatutoi mtoto kabla ya kuuliza ukoo. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Enzi ile ya Wabeleji alikuwapo muzungu aliyekuja kusoma undugu wa watu. Ndiyo, kwao hiyo ni kazi. Mwezi mzima aliniuliza babu zangu huku akichora: mwanaume kama paa la nyumba, mwanamke duara kama sahani. Nilimtajia vizazi saba bila kukohoa. Aliposikia safari yangu, akanipakia ndani ya gari yake ya jipu.

Asubuhi, Kiliba. Alitandaza karatasi yake magotini. Watu wa Sadiki alikwisha kuwauliza.

"Mama, nimeangalia pande zote. Hakuna mstari unaowaunganisha. Wanaweza kuoana."

"Minye nilijua zamani," nikamjibu. "Damu yangu naijua yote."

Sange tulisimama, ng'ombe wamejaa barabarani. Nikaendelea kujisifu. Aliandika mpaka chafya yangu.

Adhuhuri, Luberizi, katikati ya mpunga. Mama yake Sadiki, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, alitoka na bakuli la maji ya kunawa. Aliponitazama, bakuli likamponyoka.

"Mungu wangu! Iko weye, mama wa dispanseri!"

"Dispanseri gani?"

"Ile ya Uvira! Minye nilikuwa nalala na homa, maziwa imekauka. Weye ulikuwa na mutoto mudogo pale karibu. Ukanyonyesha mutoto yangu wiki mbili! Ndiye huyu Sadiki!"

Sura sikuikumbuka. Niliyakumbuka meno: mawili, ya chini, makali.

Tulikumbatiana, tukacheka, halafu wote wawili tukaachiana kwa pamoja. Kwa dini yetu, niliyemnyonyesha hivyo ni mwanangu. Ni ndugu wa baba yake Zaina. Mchumba amekuwa baba mdogo!

Muzungu alikuwa anapekua karatasi.

"Mama, maziwa hukuniambia."

"Weye uliuliza damu."

Alifurahi kama aliyeokota dhahabu, akachora mstari wa nukta nukta toka sahani yangu hadi paa la Sadiki. Mimi, niseme kweli, shetani alinipitia: wanawake wawili tungeweza kufunga midomo. Lakini muzungu alikwisha kuandika.

Sadiki alisimama mlangoni na kuku wa wageni kwapani, hajui amchinje au amwachie.

"Sasa nikuite nani?" akaniuliza.

"Mama. Na usiniume tena."

Hakucheka.

Jioni nilirudi Uvira na kuku yule yule, mzima. Zaina alinisubiri barazani, amevaa kitenge kipya. Nilimwambia pale pale, nimesimama. Alilia siku tatu, na wiki nzima nilijichotea maji mwenyewe.

Nilichojifunza? Kichwa changu cha vizazi saba kilisahau wiki mbili. Sadiki sasa huja kila Idi na mchele, na kwa kuwa ni baba mdogo, hukaa mkekani nasi kuwapokea wanaomposa Zaina. Amekwisha kukataa watatu. Mmoja ana miguu mirefu. Mwingine anacheka ovyo. Wa tatu hakuwa na kasoro hata moja, basi Sadiki akakunja uso, akamwuliza: "Weye, nani alikunyonyesha?"