Mkunga wa Kichuguu cha Barichara

Bi Edelmira Ardila hakuwahi kumzalisha mwanamke yeyote, lakini kilima kizima cha Barichara kilimwita Mkunga. Jina hilo alipewa na jirani yake, Bi Otilia, aliyemkuta asubuhi moja ameketi kando ya kichuguu cha chungu wakata majani, kiganja chake kimetulia juu ya udongo.

"Uchungu umeanza?" Otilia alimtania.

"Bado," alijibu bila kugeuka, "lakini njia imefunguka."

Alikuwa akiwatazama chungu hao kila alipowapelekea mbuzi maji. Kiangazi, jua linapochoma mawe, hawatoki ila magharibi. Ndipo msafara hushuka shambani, kila mmoja akirudi na kipande cha jani kama mwavuli. Miezi ya manyunyu hufanya kazi mchana kweupe. Mvua kubwa zinapokaribia, hupanua milango, nao walinzi wenye vichwa vikubwa hujitokeza: ni ishara kwamba malkia wenye mbawa, wanene kuliko kumbikumbi, wako tayari kuruka. Hao ndio tunaowakaanga na kuwala kila mwaka sisi wa Barichara, na mama yake Bi Edelmira pia aliwaokota hapo hapo.

Mwaka huo mkwewe, Heliodoro, mume wa binti yake, alikuwa amepanda mihogo mteremkoni chini ya kichuguu, na msafara ukaivua majani. Kila jioni Bi Edelmira alilaza matawi ya mchungwa njiani, ili chungu wayachukue hayo badala ya mihogo. Chungu wakayabeba, kisha wakairudia mihogo.

"Mama, nitakiua kichuguu hiki. Wajukuu zako watakula nini?"

"Nipe hadi Pasaka, baba. Mvua ikinyesha, malkia wataruka."

"Na mvua isiponyesha?"

"Weka sumu yako."

Pasaka ikapita kavu. Usiku wake mvua ikamwagika, na alfajiri Heliodoro akaja na mfuko wa sumu. Hakuweza kuitumia: punje zake zikilowa, chungu huziacha.

"Nangoja udongo ukauke," alisema.

"Ngoja," akajibu Bi Edelmira, akavaa viatu vyake vya mpira na kuchukua ndoo.

Jua likapanda kali, mvuke ukafuka. Heliodoro alipoinama kuugusa udongo, walinzi wakafurika. Akaruka akijipiga-piga suruali.

"Cheza, mkwe, cheza!" Otilia, aliyekuwa amekuja kuokota naye, akapiga makofi.

Kisha malkia wa kwanza akatoka, mzito, wa kahawia ing'aayo, akapanda ubua wa nyasi na kukunjua mbawa. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine, hata ikawa kana kwamba ardhi yenyewe inapumua. Hewa ikajaa mvumo na mng'ao. Majani yote yaliyoingia gizani mwaka mzima, sasa yalikuwa yakitoka yakiwa na mbawa. Heliodoro alivua kofia kama afanyavyo kanisani.

"Umekuwa nguzo?" Bi Edelmira alimwita. "Okota! Walioruka waache waende zao."

Waliokota hadi ndoo ikajaa. Jikoni, Heliodoro aliuweka mfuko wa sumu mezani.

"Pasaka imepita, mwanangu," alisema Bi Edelmira. "Ahadi ni ahadi. Sitakuzuia."

Mkwe aliitazama ndoo, kisha akausukuma mfuko kando.

"Nitakata vipandikizi vya mihogo nikapande ng'ambo ya kijito," alisema. "Maji hawavuki."

"Na mashina yatakayobaki huku?"

"Wayamalizie chungu wenyewe."

Bi Edelmira aliinjika kikaango motoni. Alinyofoa mbawa na miguu, akawaosha malkia kwa maji ya chumvi, akawakoroga kikaangoni hadi wakaanza kutatarika. Kisha akakiepua kikaango na kukifunika kwa kitambaa safi.